Lile duka la vitu vya zamani vya mawimbini: karatasi nunua tu, ubao uliza kwanza

Wadau salama? Nimeulizwa inboksi na watu kama wanne hivi kuhusu lile duka la mtandaoni la California linalouza vitu vya zamani vya kuteleza mawimbini, yaani mbao za kutelezea, majarida, mabango, mashati ya Hawaii, beji za mashindano na makorokoro mengine ya namna hiyo, na nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa leo naandika lote kwa mpigo. Jina la duka silitaji, sitafuti kesi na mtu, wanaolijua watalijua tu. Nimenunua kwao mara nne ndani ya miaka miwili, majarida, shati, beji na mwisho kabisa ubao wenyewe. Mara tatu za kwanza zilinifanya niwaamini kama ndugu. Ya nne ndo imenileta hapa.

Nianze na majarida manake hapo jamaa wako vizuri mno. Mimi nakusanya yale ya mwanzoni mwa miaka ya 60, lile alilolianzisha John Severson 1960 na mengine yaliyofuata nyuma yake. Kuyapata sio kazi, kazi ni kulipata likiwa zima. Wauzaji wengi wanakupigia picha kava tu, kava linang'aa, unatuma hela, mzigo unafika, unafungua ndani unakuta kurasa zina madirisha, manake vijana wa enzi hizo walikuwa wanakata picha za mawimbi na mkasi na kubandika ukutani chumbani. Huwezi hata kuwalaumu, ndo kazi ya jarida ilikuwa hiyo. Ila mimi nimelipia jarida, sijalipia fremu.

Hawa hawafanyi hivyo. Wanapiga picha kila kitu, pini za stepla kama zimeshika kutu, kurasa za katikati kama zimeachia, mgongo umepasuka wapi, nani kaandika jina lake kwa kalamu kwenye kona. Moja waliliandikia kabisa kwamba linanuka gereji. Nikacheka, nikanunua, lilipofika nikafungua plastiki na kweli bana, linanuka oili na vumbi, nililianika kivulini wiki nzima ndo likatulia. Lakini sikuwa na la kulalamika, si niliambiwa?

Kuna jingine kona yenye tarehe ilikuwa imechanika, wao wakaliandika kuwa ni la kabla ya katikati ya 1963. Mimi mbishi, nikawauliza mnajuaje. Kesho yake nikatumiwa picha sita za matangazo ya ndani, na ujumbe mfupi wa mzee mmoja anayejibu kwa herufi kubwa tupu kama anagomba, kwamba niangalie anwani za maduka. Hakuna hata moja yenye zip code, zile namba za posta za mtaa. Marekani walianza kutumia zip code Julai 1963. Sio ushahidi wa mahakamani, watu walichukua muda kuzizoea na matangazo mengine yaliendelea bila hizo namba, ila ukiunganisha na sura ya mbao zilizomo kwenye picha, mapezi yake (yale ya chini kwa nyuma yanayouongoza ubao) na bei zilizochapwa, unaona mtu amekaa chini akafanya kazi yake. Hapo ndo nilipoanza kuwapenda.

Shati nalo hivyo hivyo. Shati la Hawaii la rayoni, waliandika miaka ya 50. Sasa hapa feki ni nyingi kupita maelezo, manake mashati haya yamechapishwa upya kila muongo, na muuzaji akishaona maua na minazi anaandika tu ni la zamani. La kwangu ukilishika ni la baridi, linateleza mkononi kama maji, sio ile poliesta inayong'ang'ania kucha. Vifungo ni vya kifuu, ukiviangalia kwa karibu vina vinyweleo vyeusi. Mfuko wa kifuani umekatwa ukakutana na mchoro wa shati, jani linaanzia kwenye shati linaingia mfukoni linatokea upande wa pili bila kukatika, mpaka uutafute mfuko uko wapi. Na pale shingoni kuna lebo ya jina tu, hamna maelezo ya kufua. Hiyo ya kufua ndo kipimo chepesi kuliko vyote, sheria ya Marekani ya kulazimisha maelezo ya kufulia kwenye nguo ilianza kufanya kazi 1972, kwahiyo ukiona shati la "miaka ya 50" lina maandishi ya kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, mrudishie mwenyewe. Lilikuwa na mchaniko chini ya kwapa, mdogo, wameupiga picha wameweka sarafu pembeni ili uone ukubwa wake. Sarafu! Nani anafanya hivyo siku hizi?

Beji sina mengi. Ni beji ya kitambaa ya mashindano ya Makaha, yale ya Hawaii yaliyoanza 1954. Waliandika wazi kwamba mwaka haujulikani, na walivyosema ndivyo ilivyo.

Sasa ubao.

Kabla ya kununua nilikuwa nawafuatilia upande wa mbao kama miezi minane hivi, naangalia tu. Wana vitu vya kutisha. Kuna kipindi waliweka ubao wa miaka ya 30 wa Pacific System Homes, hii ilikuwa kampuni ya Los Angeles ya nyumba za kuunganisha, ikawa inachonga na mbao za mawimbini pembeni, na alama yao ilikuwa swastika, ule msalaba wenye mikono iliyopinda, manake wakati huo huko kwao ilijulikana kama alama ya bahati. Wanazi waliposhika kasi Ujerumani na alama hiyo hiyo, kampuni ikaiacha. Ubao wa namna hiyo ukiuweka mtandaoni bila maelezo unatukanwa mpaka basi, hawa waliweka maelezo ya aya tatu, yametulia, bila kuficha alama na bila kuishabikia. Nikasema hawa wanajua wanachokiuza.

Kuna siku nikawakamata. Waliweka gogo moja, yaani ubao mzima wa mti wa redwood, zito, wakaandika miaka ya 20, na kwa chini lina pezi. Nikawaandikia jamani, pezi la kwanza kwenye ubao wa mawimbini ni Tom Blake, 1935, Waikiki, alichukua kipande cha mkuku wa boti iliyotupwa akakifunga chini ya ubao wake, sasa huu wa miaka ya 20 pezi limetoka wapi? Mzee wa herufi kubwa akajibu siku hiyo hiyo, kwamba ubao ni wa miaka ya 20, pezi liliongezwa na mwenye ubao baadaye, na akabadilisha tangazo mbele ya macho yangu na kuandika hivyo. Hajanuna hata kidogo. Alinishukuru. Ndo maana siku ubao wangu ulipotokea sikuuliza maswali mengi, na hilo ni kosa langu, nalibeba.

Wenyewe ni ubao mrefu wa futi 9 na inchi 6, wa 1965 hivi, povu gumu la plastiki ndani na faiba nje, una mistari mitatu ya mbao katikati, pezi la mbao za kupanganishwa limegandishwa moja kwa moja kwa rezini, ile gundi inayomiminwa ikaganda, namba ya kiwandani imeandikwa kwa penseli karibu na pezi. Kwa asiyejua, mbao za povu zilishika kasi kuanzia 1958, Hobie Alter na Gordon Clark walipolipatia lile povu la polyurethane kule California, kabla yake watu walikuwa wanachonga balsa, mti mwepesi wa kutoka Ecuador, na nyuma zaidi ndo hayo magogo ya redwood yaliyokuwa yanafika mpaka kilo 45, ubao unabebwa na watu wawili. Povu likafanya mbao zitoke nyingi kama mikate. Ungedhani basi za miaka ya 60 zimejaa kila kona, wapi. Kuanzia 1967 mambo yakageuka, watu wakahamia mbao fupi, na ndani ya miaka mitatu minne ubao wa futi 9 ukawa kitu cha kuchekwa. Wengi waliuchuna ule wa zamani, wakatoa faiba yote, wakachonga povu la ndani kuwa ubao mfupi. Nyingine zikawa rafu za gereji. Kwahiyo uliobaki mzima una hadithi, haukubaki kwa bahati mbaya.

Tangazo lilisema "umekarabatiwa kitaalamu". Maneno mawili tu. Picha kumi na mbili, zote baada ya ukarabati, ubao unang'aa kama gari la harusi.

Ufungaji siwezi kuusema vibaya. Ulikuja kwenye kreti la mbao, pua na mkia vimevishwa sponji nene, pezi limejengewa kijumba chake cha kadibodi ili lisiguse kitu, hata mkwaruzo hamna. Nembo niliipima kwanza, unapitisha kucha kwenye ukingo wake taratibu, ukihisi ngazi ujue imebandikwa juu juzi tu. Ya kwangu haina ngazi, iko chini ya faiba, ile karatasi nyembamba imeyeyukia kwenye rezini huoni inaishia wapi, imebaki rangi tu. Namba ya penseli nayo iko chini ya faiba. Ubao ni wa kweli kabisa, hilo nalisema wazi kabla sijaanza kulia.

Usiku wake nikazima taa nikachukua tochi, nikailaza pembeni ya ubao ili mwanga upite juu juu kama jua la saa kumi na mbili jioni. Hii fanyeni kila mtu, mwanga wa juu unaficha, mwanga wa pembeni unasema ukweli. Nikaanzia kwenye pezi. Pezi lile ni la mbao za rangi mbili zimepanganishwa, mishipa yake inakwenda vizuri kutoka mbele kwenda nyuma, nikaifuata na kidole, ikafika sehemu moja karibu na shina ikakatika. Ikaanza tena upande wa pili. Katikati pana duara la ukubwa wa kifungo cha shati, rangi ya mbao lakini halina mishipa. Pati. Pati yenye rangi ya mbao.

Nilikaa chini.

Nieleze kwanini. Kamba ya kufunga mguuni ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 70, kabla ya hapo ukianguka ubao unakwenda zake kwenye mawe na wewe unaogelea kuufuata. Zilipokuja kamba, mbao za zamani hazikuwa na pa kufungia, watu wakawa wanatoboa tundu kwenye pezi wanapitisha humo. Sasa ubao wa 1965 wenye tundu kwenye pezi unakwambia nini? Unakwambia kuna mtu, miaka sita saba baadaye, wenzake wote wako kwenye mbao fupi wanamcheka, yeye bado anauingiza ubao wake mrefu majini, na akaupenda kiasi cha kuutobolea tundu ili usimponyoke tena. Hilo tundu ndo mwenye ubao mwenyewe. Hatuna jina lake, hatuna picha yake, tulikuwa na tundu. Fundi akaona kasoro akaliziba, akapiga msasa, akapaka rezini, kazi safi kabisa, sikatai, mkono wake mzuri.

Nikaendelea na tochi kwenye mgongo wa ubao. Enzi hizo watu walikuwa wanapiga kasia kwa mikono wakiwa wamepiga magoti juu ya ubao, saa nyingi, mpaka magoti yao yanaota vinundu na povu la ubao linabonyea sehemu mbili, unapata vibonde viwili vya magoti. Ubao uliotumika kweli unavyo. Wangu umetulia kama meza. Ila mwanga ulivyopita nikaona madoa mawili, kama mayai, yamelala sambamba, meupe kidogo kuliko pembeni pake. Povu la zamani likipigwa jua linageuka rangi ya chai ya maziwa, fundi amejaribu kuchanganya rangi ifanane na ndani ya nyumba kwa taa ya umeme imefanana kabisa, asubuhi nilivyoupeleka kwenye mwanga wa dirisha ikajisema yenyewe. Magoti nayo yamejazwa.

Kuna mtu atasema sasa wewe unataka ubao mbovu? Ndio. Na sio mimi peke yangu, kwa wakusanyaji wa vitu hivi ubao wenye makovu yake ya asili una heshima kuliko uliorembwa, isipokuwa kama ulikuwa unavunjika kabisa na ukarabati ndo umeuokoa. Kuziba ufa unaoingiza maji, sawa, zibeni, faiba ikipasuka povu linakunywa maji linaharibika. Kuziba tundu la kamba ambalo halimuumizi mtu, hapana. Ule ubao ambao Duke Kahanamoku, yule muogeleaji na mtelezaji maarufu wa Hawaii, aliuchonga Sydney wakati wa ziara yake ya 1914 na 1915 leo uko kwa klabu ya waokoaji ya Freshwater, na hakuna mwenye akili timamu atakayeshauri ukapigwe msasa upendeze. Mbao zetu za watu wasiojulikana ndo tunaona tunaweza kuzifanya tunavyotaka.

Nikaandika barua ndefu ya hasira, nikalala, asubuhi nikaifuta nikaandika fupi. Swali langu lilikuwa moja tu: kwanini shati mmeniwekea sarafu pembeni ya mchaniko wa sentimita moja, afu ubao unaogharimu mara ishirini ya shati mkaandika maneno mawili? Jibu halikuja siku hiyo. Halikuja na kesho yake. Siku ya tano ndo mzee akaandika, safari hii kwa herufi ndogo, kwamba mbao zinapitia kwa fundi wa nje, yeye akizipokea zimeshamalizika, na wateja wengi wanataka ziwe zinang'aa kwasababu wanatundika migahawani na maofisini. Akasema naweza kuurudisha ndani ya siku thelathini, nauli juu yangu.

Nauli ya kreti la futi kumi juu yangu! Hapo ndo nilipowakatia nyota mbili bila huruma. Kama kosa ni la maelezo yako, nauli ni yako, hilo halihitaji mwanasheria. Tumebishana wiki nzima, mwisho akakubali kurudisha sehemu ya hela nibaki na ubao, na kiasi chenyewe kilikuwa cha haki, sio cha kunifunga mdomo. Nikamwomba na kitu kingine, picha za kabla ya ukarabati kama fundi anazo. Nilijua atasema hamna.

Alizituma. Nne, zimepigwa na simu kwenye uwanja wa nyuma wa mtu, ubao umelazwa juu ya mapipa mawili, mchafu, nta ya zamani, ile ya kupaka ili miguu isiteleze, imekuwa nyeusi, na kwenye picha ya tatu tundu linaonekana vizuri kabisa, na ndani yake kumebaki uzi. Kipande cha kamba ya nailoni, kimekatika, kimefungwa fundo. Fundi alikitoa akakitupa ili aweke pati. Nimeikuza hiyo picha mpaka imevunjika vunjika, fundo lenyewe ni la mtu asiyejua kufunga mafundo, limezungushwa mara tatu nne tu hovyo likabana.

Sasa kama unataka kununua kwao. Majarida, mabango, nguo, beji, nenda bila wasiwasi, sijaona wanaoeleza vizuri kama wao. Ubao ambao hawajaandika neno ukarabati pia nenda, piga maswali yako ya kawaida, uzito, pezi, namba, nembo iko juu au chini ya faiba. Ubao ulioandikwa umekarabatiwa usitume hata senti kabla hujatumiwa picha za kabla, na sasa unajua kwamba zipo, fundi anazo kwenye simu, wasikwambie hazipo. Waulize pia nini kimezibwa na nini kimeachwa, wakijibu "kila kitu kiko safi" hilo ni jibu baya. Na swala la nauli ya kurudisha mkubaliane kwa maandishi mapema, manake kwenye sera yao limeandikwa kwa herufi ndogo huko chini kabisa ambako hakuna mtu anafika.

Nyota tatu na nusu kwa ujumla. Ingekuwa karatasi na nguo peke yake ningewapa tano na nusu ya juu kama ingekuwepo. Juzi nimepita kuangalia, wana mbao tano mpya, mbili zimewekwa picha za kabla, tatu bado. Ubao wangu nimeutundika ukutani na pezi limeelekea nje, na ile picha ya tatu nimeichapisha nikaibandika pembeni yake na pini. Jana usiku nimeagiza majarida mengine mawili, moja wameandika limetafunwa na panya kona ya chini kulia, ukurasa wa 31 mpaka wa 38.